Habari za Kuacha Tumbaku Kandokando ya Barabara ya Pugu

Mtu atokaye kitovuni mwa mji wa Dar es Salaam kwa Barabara ya Pugu, ambayo kwa miaka mingi sasa imekuwa ikiitwa Barabara ya Nyerere, hupita Chang'ombe penye kiwanda kikubwa cha sigara, na baada ya mwendo usio mrefu hufika Vingunguti, kata ya machinjio, ya karakana na ya nyumba zilizobanana hata zikateremkia bonde la Msimbazi, ambayo wengi wa wakazi wake huamka kabla ya adhana ya alfajiri kwa sababu riziki yao haingoji jua. Kiwandani sigara hutoka kwa makasha. Katika vichochoro vya Kombo, Miembeni, Mtakuja na Mtambani huuzwa moja moja, na kiberiti cha gesi hufungwa kwa uzi kwenye dirisha la duka ili mnunuzi awashe papo hapo na kuendelea na safari yake. Habari za zao la tumbaku na za kiwanda hicho zimehifadhiwa katika vitabu vya hesabu na taarifa za serikali, maana zina fedha ndani yake. Hapa nataka kusimulia habari za upande wa pili, za watu walioazimia kuiacha tumbaku na za wale waliowashika mkono, ambazo kwa kuwa hazikuingiza hata senti moja katika hazina yoyote zimekaa pembeni bila msimulizi, ingawa nionavyo mimi ndizo zinazostahili heshima kubwa zaidi.

Tumbaku si mzaliwa wa nchi hizi. Asili yake ni bara la Amerika, na katika karne ya 16 na ya 17 ilivushwa bahari na Wareno na wafanyabiashara wengine, ikashika ardhi ya Afrika Mashariki na kuenea upesi hata ikawa kama iliyokuwapo tangu enzi za mababu. Richard Burton alipopita njia ya misafara kwenda Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwaka 1857, aliikuta imekwisha kulimwa na kutumiwa karibu kila mahali alipokanyaga. Bara watu waliisaga wakaitia magadi wakapata ugoro wa kunusa au wa kuweka mdomoni, au waliivuta kwa kiko na kwa buruma. Pwani iliingia katika uraibu wa tambuu, popoo na chokaa, ikakaa ndani ya kijaluba pamoja na wenziwe, na mgeni aliyefika nyumbani kwa mtu mwenye adabu asipokaribishwa uraibu alijiona amepunguziwa heshima. Bibi wa mjini hakutafuna kwa kificho wala kwa haya. Tumbaku ilikuwa sehemu ya ukarimu, ya arusi na ya mazungumzo ya barazani, na jambo lililokwisha kufumwa katika heshima za watu kiasi hicho huwa gumu kuliacha kuliko jambo ambalo mtu hulifanya peke yake.

Hata hivyo walikuwako walioiacha, na zama hizo hazikukosa njia zake. Iliyo kubwa ilikuwa toba. Wanazuoni wa Kiislamu walikhitilafiana juu ya hukumu ya tumbaku tangu ilipoingia katika nchi zao, wengine wakiihesabu makuruhu na wengine haramu, na Maibadhi, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyokuwa ya watawala wa Unguja kutoka Omani, walikuwa wakali zaidi katika jambo hili. Mtu aliyetubu aliweka nadhiri, au alikula yamini mbele ya mashahidi, na kuanzia hapo kuirudia tumbaku kukawa ni kuvunja ahadi iliyosikiwa na watu. Upande wa Wakristo, Waadventista wa Sabato waliofika Upare mwaka 1903 waliwakataza waumini wao tumbaku ya kila namna, na madhehebu hayo hayo baadaye, karibu na mwaka 1960, yaliiletea dunia mpango wa siku 5 wa kuacha sigara uliobuniwa Marekani na tabibu McFarland na mchungaji Folkenberg, ambao watu walikutana jioni tano mfululizo, wakanywa maji kwa wingi, wakafundishwa na kutiana moyo. Nawasifu waliofikiri hivyo kwa sababu moja: walijua kwamba mtu anayeacha huhitaji wenzake, na kwamba siku za kwanza ndizo zenye adhabu.

Na kila mwaka, bila mpango wa mtu yeyote, mwezi wa Ramadhani umekuwa ukiwapa wavutaji wa pwani shule ya kuacha. Mtu ambaye siku nyingine hawezi kumaliza saa moja bila sigara hukaa tangu alfajiri hata magharibi bila kuigusa, na jua linapokuchwa hujikuta amemaliza siku nzima. Wako waliopata humo mlango wa kutokea moja kwa moja. Wako pia wanaofuturu kwa sigara kabla ya tende na maji, na hao ndio walionipa fikra ya kuuliza kwa nini watu wawili wenye imani moja, waliofunga siku zile zile, mmoja hutoka mwezini akiwa huru na mwingine akiwa mtumwa vile vile. Wazee walijibu kwamba mmoja alikuwa na azma na mwingine hana. Jibu hilo lilitawala nchi yetu kwa muda mrefu sana, na ndilo lililowafanya maelfu ya watu waone haya kwenda kwa tabibu kwa jambo lililohesabiwa kuwa udhaifu wa nafsi.

Wakati azma ya mtu ikiachwa isimame peke yake, upande wa tumbaku haukuachwa peke yake kamwe. Songea kulikuwa na chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, NGOMAT, tangu mwaka 1936. Urambo, mpango mkuu wa karanga wa Waingereza ulipovunjika mwanzoni mwa miaka ya 1950, mashamba yale yaligeuzwa kuwa ya tumbaku, na reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani ikawa njia ya kuiteremsha kuelekea pwani, ikipita Pugu na Vingunguti kabla ya kuingia mjini. Mwaka 1961, mwaka ule ule tuliopata uhuru, kampuni ya East African Tobacco ilianza kuwa na kiwanda chake cha Tanganyika hapa Dar es Salaam. Azimio la Arusha lilipokuja, dola ilichukua sehemu yake, na mwaka 1975 kiwanda chote kikawa mali ya umma kwa jina la Kampuni ya Sigara Tanzania. Mwaka 1995 kikauzwa kwa R. J. Reynolds ya Marekani, na mwaka 1999 kikawa chini ya Japan Tobacco. Wenye kiwanda wamebadilika mara nyingi kuliko sigara zenyewe, maana Sportsman na Embassy na Sweet Menthol ziliendelea kuulizwa dukani kwa majina yale yale. Kiwanda kilikuwa na klabu yake, na timu ya mpira iliyoitwa Sigara ilicheza ligi ya nchi, hata mtoto wa Temeke au wa Vingunguti akaweza kulipenda jina hilo na kulishangilia uwanjani kabla hajajua moshi una ladha gani.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wakulima wa Urambo au wafanyakazi wa Chang'ombe, waliosomesha watoto wao kwa jasho la halali, wala sisemi kwamba dola changa iliyokuwa ikitafuta kodi ilifanya ajabu isiyofanywa na dola nyingine. Nasema ili mizani ionekane. Upande mmoja pana mkulima, ushirika, reli, kiwanda, kodi, lori la kusambaza, duka na kiberiti kwenye uzi; upande wa pili pana mtu mmoja mwenye nadhiri yake.

Elimu ya utabibu nayo ilichelewa, na ilichelewa kote duniani. Hospitali ya Sewa Haji ya miaka ya 1890, na ile ya Wajerumani ya Ocean Road iliyofunguliwa mwaka 1897, zilipambana na homa, ndui na vidonda, na hakuna aliyetazamia kwamba tabibu amwulize mgonjwa habari za kiko chake. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walitangaza Uingereza kwamba saratani ya mapafu na sigara zinakwenda pamoja. Kisha wakaanza kuwafuatia madaktari wa Uingereza wenyewe, mwaka baada ya mwaka, na miongoni mwa watu wa kwanza kuacha kwa wingi walikuwa madaktari hao, kwa kuwa walisoma hesabu za vifo vya wenzao. Mwaka 1962 Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kilitoa taarifa yake iliyosema bila kificho kwamba sigara inaua. Yaani kiwanda chetu kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Kama habari ile ingalivuka bahari kwa kasi ile ile iliyovuka mitambo ya kusokotea sigara, huenda mambo ya Barabara ya Pugu yangalikuwa mengine.

Na si kwamba nchi haikujua namna ya kuwafundisha watu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa kusikiliza redio na kusoma vijitabu katika vikundi vya vijijini na mitaani, watu wapatao milioni 2 walijifunza kujikinga na malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa mikono yao. Ilikuwa kazi adhimu, na mpaka leo wazee walioshiriki huitaja kwa fahari. Tumbaku haikuwamo katika orodha ile. Watoto walikuwa wakifa kwa homa na kuhara, na maradhi yanayongoja miaka 30 ndipo yabishe hodi hayakuweza kushindana na yale yaliyokwisha kuingia chumbani.

Sasa nirudi kwa wale wawili wa Ramadhani, maana jibu lao lilipatikana katika miaka ile ile, mbali na hapa, na sehemu ya jibu hilo, jambo ambalo halisemwi vya kutosha, ilikuwa mikononi mwa bibi zetu tangu zamani. Kitu kinachomfunga mtu katika tumbaku ni nikotini, ambayo Wajerumani wawili, Posselt na Reimann, waliitenga peke yake huko Heidelberg mwaka 1828. Ikivutwa kwa moshi hufika ubongoni kwa muda wa kama sekunde 10, hukaa kidogo, na baada ya saa 2 hivi nusu yake imekwisha kutoka damuni. Hapo ubongo uliozoea huidai tena, kwa fadhaa, kwa hasira zisizo na sababu, kwa kukosa usingizi na kukosa utulivu wa fikira, hali ambayo vijana wa Vingunguti huiita arosto kwa neno lile lile wanalolitumia kwa dawa za kulevya. Madai hayo huwa makali kupita kiasi katika siku 2 au 3 za kwanza, kisha hupungua kwa wiki chache. Lakini hayako sawa kwa kila mtu. Msomi wa Uswidi, Karl Fagerström, alipotunga maswali yake mwaka 1978 ili kupima ukali wa kufungwa huko, swali moja lilitokea kuwa na uzito kupita mengine: baada ya kuamka usingizini, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani? Anayeiwasha kabla ya dakika 5 na anayekumbuka sigara adhuhuri hawana maradhi ya kiasi kimoja, hata kama wote wawili ni wachaji Mungu na wote wawili wana azma. Kumtaka wa kwanza ashinde kwa njia ya wa pili, na akishindwa kumwita dhaifu, ni dhuluma.

Na hapa ndipo inapoingia chokaa. Wanamaji wa Uswidi waliokaa siku nyingi ndani ya manowari za chini ya bahari, mahali ambapo moshi haukuruhusiwa, walionekana wakitumia tumbaku ya mdomoni ili kutuliza madai ya nikotini, na habari hiyo ilipomfikia Ove Fernö, mwanakemia wa kampuni ya Leo mjini Helsingborg, mwishoni mwa miaka ya 1960, alianza kutafuta namna ya kuitia nikotini katika ulimbo wa kutafuna bila tumbaku yenyewe. Ugumu wake ulikuwa kwamba nikotini haipenyi vizuri kwenye ngozi laini ya mdomo ikiwa mate yana uchachu. Ilimbidi autie ulimbo wake chumvi za jamii ya magadi ili mate yageuke, nikotini ipenye. Mwaka 1978 ulimbo huo ulianza kuuzwa Uswisi kama dawa. Bibi aliyepaka chokaa juu ya jani la tambuu kabla ya kuitia tumbaku, na mzee wa bara aliyetia magadi katika ugoro wake, walikuwa wakifanya jambo hilo hilo kwa karne nyingi: bila chokaa, bila magadi, tumbaku ya mdomoni haina nguvu, na walilijua hilo kwa ulimi. Naliona jambo hili kuwa zuri mno kwa muuguzi wa Vingunguti anayetaka kumweleza mgonjwa dawa mpya, kwa sababu hana haja ya kuanza na mambo ya kigeni. Aanze na kijaluba cha bibi, mgonjwa ataelewa. Ila aongeze upesi kwamba kijaluba hakikuwa dawa, wala ugoro si dawa, wala kuberi inayouzwa kwa vipakiti si dawa, maana ndani yake mna tumbaku na sumu zake zinazoleta saratani ya kinywa, ilhali katika ulimbo wa tabibu, au katika bandiko la ngozini linalotoa nikotini polepole mchana kutwa, hamna jani wala moshi, na kipimo hupunguzwa wiki baada ya wiki hata mtu akaachana na vyote.

Shirika la Afya Duniani liliingiza ulimbo na bandiko hilo katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2024 likatoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, ukisisitiza kwamba dawa na maneno ya kumsaidia mgonjwa viende pamoja. Maneno hayo hayahitaji kuwa mengi. Mwaka 1979 Michael Russell na wenzake walionyesha London kwamba dakika chache za daktari wa kawaida, za kumwambia mgonjwa aache, kumpa kijikaratasi cha maelezo na kumjulisha kwamba atafuatiliwa, ziliwawezesha watu kama 5 katika kila 100 kuacha na kudumu mwaka mzima, ambapo kwa walioachwa bila neno hakufika hata mmoja. Watano katika mia ni wachache kwa anayehesabu kwa pupa. Kwa mji wenye mamilioni ya watu, ambao karibu kila mtu hupita zahanati wakati fulani, ni umati.

Tanzania ilitunga sheria yake ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, ikagusa matangazo, mahali pa kuvutia na kuuziwa kwa walio chini ya miaka 18. Mwaka 2007 ikaridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku, ambao kifungu chake cha 14 kinazitaka nchi ziwasaidie watu kuacha na ziwatibu waliofungwa na nikotini. Jukwaa la Udhibiti wa Tumbaku Tanzania, likiongozwa na Lutgard Kagaruki, limekuwa likiikumbusha serikali ahadi hiyo kwa ustahimilivu ambao vizazi vijavyo vitaushukuru. Mwaka 2016 shisha ilipigwa marufuku Dar es Salaam kwa kishindo kilichojaza magazeti. Marufuku yana kazi yake. Lakini ukiyatazama yote kwa pamoja utaona kwamba tumejua kumkataza mtu asianze, na kumkataza asivute hapa au pale, ila yule aliyekwisha kufungwa, anayetaka kutoka, tumemwachia nadhiri yake kama walivyomwachia wazee.

Idadi ya wanaotumia tumbaku inajulikana. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002, wataalamu akiwamo Ferdinand Mugusi wa Muhimbili waliwapima watu wa Ilala kwa maswali na kwa chombo cha kupulizia kinachoonyesha hewa ya moshi katika pumzi, ili asiwepo wa kuficha, wakaona kwamba wanaume wapatao 27 katika 100 na wanawake 5 katika 100 walikuwa wavutaji. Mwaka 2018 uchunguzi wa nchi nzima, Bara na Visiwani, ulikuta watu wazima milioni 2.6 wanaotumia tumbaku, nao ni asilimia 8.7, wanaume 14.6 na wanawake 3.2. Katika wanawake hao namkumbuka hasa yule wa makamo anayeficha ugoro chini ya mdomo, ambaye hakuna bango lililowahi kumlenga na ambaye akifika kliniki haulizwi, kwa kuwa haonekani kuwa mvutaji.

Je, kuwatibu ni jambo lililo juu ya uwezo wetu? Historia ya mji huu yajibu kwamba si hivyo. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, kwa msaada wa Karel Styblo na umoja wa kimataifa wa kupambana na kifua kikuu, na katika zahanati za kawaida, kwa daftari la wagonjwa, kwa muuguzi kumtazama mgonjwa akimeza dawa yake na kwa kumfuatilia aliyepotea, ulipatikana utaratibu ambao katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua likaupeleka ulimwenguni kote. Dunia ilijifunza kwetu namna ya kuandamana na mgonjwa kwa miezi. Kisha, Februari 2011, Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa waliofungwa na heroini, ikafuatwa na Mwananyamala na Temeke, na vijana ambao mtaa ulikuwa umekwisha kuwaita mateja na kuwakatia tamaa walianza kuonekana kila asubuhi wakipanga foleni kunywa dawa mbele ya muuguzi, wengine wakarudi kazini na kwa aila zao. Waliosema kwamba uraibu hautibiki walijibiwa hapo, kwa watu walio hai.

Inasikitisha basi kwamba aghalabu mgonjwa huyo huyo wa kifua kikuu, ambaye tumbaku humwongezea hatari ya kuugua na ya maradhi kumrudia, humeza vidonge vyake mbele ya muuguzi, hutoka nje, na kuwasha sigara langoni. Na yule wa methadoni hushinda heroini ambayo ingalimwua upesi, akabaki na sigara itakayomwua polepole. Muuguzi yupo, daftari lipo, mgonjwa huja mwenyewe. Kinachokosekana ni swali, na dawa ya kumpa baada ya swali. Dawa hizo bado ni ghali kwa mtu wa Mtakuja, ambaye sigara moja aipata kwa shilingi chache alizo nazo mfukoni ilhali kununua ulimbo wa wiki nzima kwamtaka atoe fedha za chakula cha watoto. Na hakuna hoja itakayomshawishi mtu kununua uzima wake kwa mkupuo mmoja wakati mauti anauziwa kwa rejareja. Katika jambo hili mzigo ni wa dola, iliyopokea kodi ya sigara tangu siku ya uhuru mpaka leo.

Wanaofanya kazi ya kuwasaidia wavutaji wanajua pia jambo ambalo wenye nadhiri hawakuambiwa, nalo ni kwamba walio wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja, na kila kujaribu humfundisha mtu saa yake ya hatari ni ipi: kwa mchinjaji wa Vingunguti huenda ikawa ile ya baridi kabla ya alfajiri, kwa dereva wa bodaboda ile ya kungoja abiria, kwa mwingine ni kikombe cha kahawa kijiweni. Aliyerudia sigara katika mfumo wa toba alikuwa mwenye dhambi, na wengi kwa haya hawakujaribu tena. Katika mfumo wa tiba ni mgonjwa aliyerudiwa na maradhi yake, naye hupewa siku nyingine. Toba na tiba hazigombani. Shekhe na padri wakimtuma mtu kwa muuguzi pamoja na dua zao watakuwa wamemsaidia mara mbili.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya, na Halmashauri ya Jiji iliyo na dhamana ya vituo vya tiba vya Ilala, kwamba dawa za kuacha tumbaku zifikishwe Vingunguti na Buguruni na zitolewe kwa bei ambayo kibarua ataiweza, kwanza kwa wagonjwa wa kifua kikuu na wa methadoni ambao tayari wamo mikononi mwetu, na kwamba katika daftari la kila mgonjwa iongezwe safu moja ya kuandika kama anatumia tumbaku, ya moshi au ya mdomoni, na akiamka huitumia baada ya muda gani. Nawe msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko anayetaka kuacha, usimhesabie mara alizoanguka. Mwulize ameichagua siku gani, na siku hiyo na zile 3 zinazofuata ukae naye.